Santuri ya Callas: kasoro iko kwenye sahani au kwenye mashine?

SWALI: Babu ameniachia santuri ya mizunguko 78, mwimbaji wa opera Maria Callas akiimba "Casta Diva", wimbo wa opera Norma. Sauti inatoka nyembamba kama ya mtoto, na akipanda juu inakwaruza. Niliipangusa kwa spiriti, kitambaa kikatoka cheusi. Nimeiua? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Spiriti usiirudie kabisa. Sahani hizo ni za shelaki, ileile ambayo seremala huiyeyusha kwa spiriti apigie polishi. Palipofifia hapatarudi. Tangu sasa tumia maji ya chupa na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini kinachofuata mifereji, lebo isilowe. Suuza, kausha kivulini.

Sauti kuwa nyembamba ni mwendo. Mtunzi Bellini aliuandika wimbo huu katika ufunguo wa G, lakini Callas, kama waimbaji wengi, anauimba katika F. Bonyeza F kwenye kinanda anapomalizia: santuri ikiwa juu kwa nusu toni, yaani kitufe kinachofuata, mashine inakimbia karibu mizunguko 83 kwa dakika. Kadi ya milia ya kupimia mwendo (huzungushwa chini ya taa ya umeme, na mwendo ukiwa sawa milia huonekana imesimama) iwe ya umeme wetu wa hezi 50, yenye milia 77. Ya Marekani ina 92, ya hezi 60. Ukiifuata hapa utashusha mwendo hadi kama 65, na Callas atanguruma.

Mkwaruzo ni sindano. Mfereji wa 78 unataka ncha ya mikroni 65 hadi 75. Ya santuri za mizunguko 33 ni 18 hadi 25, hivyo inazama hadi chini kwenye vumbi na kuyumba. Kasoro hujitokeza zaidi pale anaporudiarudia A kwa nguvu kabla ya kupanda B bemoli, ndipo penye utamu wote. Kwa gramafoni ya kupiga kwa mkono, sindano ya chuma ni ya kupigia upande mmoja tu wa santuri, kisha itupe.

Itunze sana. Kwa kuwa ni ya 78, yaelekea ni ile aliyorekodi Turin, Italia, Novemba 1949, kwa kampuni ya Cetra, Arturo Basile akiongoza okestra. Alikuwa na miaka 25, na hizo ndizo santuri zake za kwanza. Opera nzima ya Norma aliirekodi na kiongozi wa okestra Tullio Serafin mwaka 1954, tena 1960; sauti ya 1960 imekomaa kwa hisia, ila noti za juu zinatikisika. Hii yako ina pumzi ndefu isiyokatika.

Isimamishe wima, kwenye bahasha mpya ya karatasi, mbali na dirisha la baharini: unyevu wa Tanga huotesha ukungu mifereji ikiwa michafu.