Kwa nini tiba ya kinga isaidie saratani ya ngozi, ikwame kwenye utumbo mpana?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari. Mjomba wangu amegundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana, na tayari imefika kwenye ini. Binamu zangu wamesoma habari za pembrolizumab, dawa ya tiba ya kinga, jinsi ilivyowasaidia watu wenye melanoma, aina ya saratani ya ngozi, na wako tayari kuuza kiwanja wamnunulie. Daktari anayemtibu amewaambia wasubiri, maana huenda isimsaidie "kwa sababu ya mazingira ya uvimbe". Mazingira gani hayo? Dawa si ni ileile, na seli za kinga si ni zilezile alizonazo kila mtu?

JIBU: Mwalimu, pole kwa kuuguza. Kiwanja kisiuzwe kwanza. Daktari wenu amewashauri vizuri, ila kauli yake inahitaji kufafanuliwa, na mimi kama bingwa wa patholojia nitaifafanua kwa kile ninachokiona kwenye darubini.

Tuanze na dawa yenyewe. Pembrolizumab haiui saratani moja kwa moja. Inachofanya ni kuziba kipokezi kiitwacho PD-1 kilichoko juu ya seli T, yaani seli za kinga zinazoweza kuua saratani. Kipokezi hicho ni breki, na seli za uvimbe huikanyaga kwa kutumia protini yao ya PD-L1. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua kwamba breki za aina hii zinaweza kuachiwa ili kutibu saratani. Sasa jiulize: kama ndani ya uvimbe hakuna seli T, inaachiwa breki ya nani?

Watu wengi hudhani uvimbe ni rundo la seli za saratani tupu. Sivyo. Kipande cha nyama kikifika maabara tunakihifadhi ndani ya nta, tunakikata vipande vyembamba vya mikroni tatu hadi tano, kisha tunakitia rangi. Ninachokiona pale ni seli za saratani zilizochanganyika na fibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi), nyuzi za kolajeni, mishipa ya damu iliyopindapinda, makrofaji (seli za kinga zinazomeza takataka na vijidudu) na seli nyingine za kinga. Kwenye saratani ya kongosho, mara nyingi hiyo tishu ya pembeni ndiyo iliyo nyingi kuliko saratani yenyewe.

Nikitaka kuziona seli T zinazoua, natumia rangi inayoshika alama yao ya CD8, nazo hugeuka kahawia. Kuna sampuli ambazo vidoa vya kahawia vimetapakaa katikati kabisa ya saratani. Wenzetu huuita uvimbe "moto". Kuna zisizo na kidoa, au kiwe kimoja hapa na kingine kule. Huo ni "baridi". Halafu kuna aina ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo zaidi: seli T zimejaa tele ukingoni, zimebanana ndani ya nyuzi za kolajeni hatua chache kutoka kwenye saratani, na hazivuki. Ukipima damu ya mgonjwa huyo unaweza kukuta kinga haina kasoro. Tatizo liko kwenye ule mpaka.

Zinazuiwa na nini? Sehemu kubwa ya lawama inaiendea TGF-beta, kemikali inayoamrisha fibroblasti kutengeneza nyuzi, na yenyewe wakati huohuo huzipoza seli T. Mwaka 2018 watafiti wa Barcelona walionyesha kwa panya wenye saratani ya utumbo mpana kwamba ukiizuia TGF-beta, seli T huingia, na dawa ya kuachia breki iliyokuwa haifui dafu huanza kufanya kazi. Mishipa ya damu nayo ina hitilafu: uvimbe humwaga VEGF, protini inayochochea mishipa kuota, na inaota mishipa inayovuja, isiyo na protini za kuzinasa seli T zinapopita ili zitoke kwenye damu.

Hata zikifanikiwa kuingia, hali ya ndani ni ngumu. Wewe unafundisha upumuaji wa seli, kwa hiyo hili litakuelea mara moja: seli za saratani humeza glukosi kwa pupa na kutoa asidi ya laktiki. Seli T iliyo kazini inaitaka glukosi hiyohiyo. Inakuta sukari imeliwa, oksijeni haba, asidi imezidi, na pembeni kuna makrofaji na seli T za udhibiti zilizoitwa na uvimbe ili kuituliza.

Sasa tumrudie mjomba. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake wa Paris waliripoti kwamba katika saratani ya utumbo mpana, aina, wingi na mahali zilipo seli T vilitabiri hatima ya mgonjwa vizuri kuliko hatua za kawaida tunazozipanga kwa kuangalia saratani imeenea kiasi gani. Lakini saratani nyingi za utumbo mpana zilizosambaa ni baridi. Takriban 5 kati ya 100 zina kasoro kwenye protini za kurekebisha makosa ya DNA, na hapo mambo hubadilika: mabadiliko ya jeni hurundikana, protini ngeni huzaliwa, seli T huzishtukia na kumiminika ndani. Melanoma nayo hupata mabadiliko mengi ya jeni, mara nyingi kwa mionzi ya jua, na hiyo ni sababu mojawapo ya dawa hii kuisaidia. Kwa wagonjwa hao wachache wa utumbo wenye kasoro hiyo, utafiti uliotangazwa 2020 ulionyesha pembrolizumab ikiuzuia ugonjwa kwa miezi 16.5, dhidi ya 8.2 kwa tibakemikali.

Ini linaongeza ugumu. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa 2021, makrofaji walioko kwenye ini lenye saratani iliyosambaa waliziua seli T, hata uvimbe ulioko mbali na ini ukakosa askari. Na msichanganye: mtasikia kwamba atezolizumab, dawa nyingine ya kuachia breki, ikichanganywa na bevacizumab, inayozuia VEGF, inasaidia saratani ya ini. Ni kweli, lakini hiyo ni saratani iliyoanzia kwenye ini. Ya mjomba ni ya utumbo hata ikikaa ini.

Mtu atawauzia pia maneno ya "kubadilisha mazingira". Kuweni macho. Epacadostat, dawa iliyotarajiwa kuondoa kizuizi kimojawapo ndani ya uvimbe, ilishindwa 2018 katika jaribio kubwa la melanoma. Na kwenye kongosho, dawa moja iliyolenga tishu ya nyuzi ilisimamishwa majaribioni kwa sababu waliopewa walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao.

Mnachotakiwa kuomba ni kipimo cha zile protini za kurekebisha makosa ya DNA, nazo ni nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Msikubali kupewa PD-L1 badala yake. Kwa utumbo mpana haituongozi. Kipimo kinafanyika kwenye kipande kilekile kilichohifadhiwa kwenye nta, kwa hiyo mzee hahitaji kukatwa tena. Kama zote nne zipo, fedha ziende kwenye tibakemikali. Kama kuna iliyopotea, mjadala wa pembrolizumab unafunguliwa upya, na kuna jambo ambalo hamkuliuliza: huenda kasoro hiyo ni ya kurithi, ile iitwayo sindromu ya Lynch. Ikithibitishwa, kila mtoto wa mjomba ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo, na wenye nayo huanza kuchunguzwa utumbo kwa kolonoskopi (kamera inayopitishwa ndani ya utumbo mpana) wakiwa bado vijana. Binamu zako waambiwe hilo siku majibu yatakapotoka.