Nitabaki na ile yenye ukungu

Wiki hii mmeuliza: ukiruhusiwa kubaki na picha moja tu ya zamani ya harusi katika familia yenu, utachagua ipi?

Ya studio tunayo, maharusi wameketi wima, nguo hazina hata mkunjo. Siichagui. Nachagua ile ya msafara wa kumpeleka bibi yangu kwa mumewe, ingawa mpiga ngoma aliyetangulia ni kama hana mkono wa kulia. Pale ulipopaswa kuwapo pana ukungu tu, mfano wa moshi.

Kwa miaka mingi niliuhesabu ukungu ule kuwa kasoro. Kisha nikajifunza jinsi kamera za kisanduku zilivyofanya kazi: tundu la mwanga lilifunguka na kufunga kwa kasi ile ile siku zote, nayo ilikuwa ndogo, hivyo kilichokwenda mbio kilifutika. Kumbe mkono ule ulikuwa ukipiga ngoma kweli! Hakuna aliyewasimamisha.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipopiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, mwanga ulihitaji dakika kadhaa kuingia. Wapita njia na magari ya farasi wakatoweka wote, akaonekana mtu aliyesimama kusafishiwa viatu. Msafara wa harusi ungepita hapo, tungeona njia tupu. Sahani kavu, yaani vioo vilivyopakwa dawa ya kunasa picha, alizozianzisha Richard Leach Maddox mwaka 1871 na wengine wakaziboresha, ndizo zilizofupisha muda huo. Mwaka 1888 ikaja kamera ya Kodak yenye filamu ya picha 100, na mtu asiye fundi akaweza kupiga picha za watu wakiwa mwendoni.

Katika picha ya studio wamo wawili. Katika ya msafara nimehesabu 31, midomo wazi, wanaimba. Nilikaa na bibi jioni nyingi, yeye na kioo chake cha kukuzia, mimi na penseli laini (wino hupenya karatasi), nikiandika majina nyuma ya picha. Aliwatambua 19.

Mwishoni kabisa yupo binti mdogo anayekimbia awafikie, uso wake nusu umefifia. Bibi alimgusa kwa kidole kabla hajamtaja. Ni mdogo wake, aliyefariki akiwa bado mtoto. Hakupata kupigwa picha nyingine.