Nilivuta sigara kabla sijajua nina mimba

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Mimba yangu ina wiki 11. Nilikuwa navuta sigara 10 kwa siku mpaka wiki ya 8, nilipopima. Sasa navuta mbili tu, maana shoga yangu ameniambia nikiacha ghafla mtoto atashtuka. Usiku silali. Je, nimeshamlemaza mwanangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo mbili zizime leo. Maneno hayo ya mtoto kushtuka nimeyasikia miaka yote ya ukunga wangu, na si kweli. Kinachomtaabisha ni moshi: nikotini hubana mishipa ya damu iendayo kwenye kondo la nyuma, na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu iliyomo katika moshi huo, hukalia nafasi ya oksijeni katika damu yako. Ukiacha, baada ya siku mbili hivi hewa hiyo ya sumu imeshatoka mwilini.

Sitakuficha kitu. Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7, kaakaa kati ya ya 6 na ya 9, na sigara huongeza hatari ya mdomo sungura, yaani mdomo au kaakaa kubaki na mpasuko. Lakini sikiliza hesabu yake: kwa kawaida ni kama mtoto 1 kati ya 700, kwa mama anayevuta hukaribia 1 kati ya 500. Waliobaki wote huzaliwa midomo yao mizima. Altrasaundi ya wiki ya 20 mara nyingi huonyesha mdomo. Kaakaa hujificha, mimi humulika kinywani kwa tochi mtoto akishazaliwa, nikapapasa kwa kidole. Na ikitokea, hushonwa.

Kinachonihangaisha zaidi ni miezi iliyo mbele: mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, kondo kubanduka mapema, hata mtoto kufia tumboni. Mama anayeacha kabla ya wiki ya 15 kwa kawaida hujifungua mtoto mwenye uzito kama wa asiyevuta. Una wiki nne, mwanangu. Kiu ikikushika hudumu dakika chache. Inuka, tembea, unywe maji. Anayevuta humo ndani atoke nje.

Na kliniki useme kweli. Zamani nilikuwa nauliza habari ya sigara mbele ya foleni nzima, akina mama wakanificha kwa aibu. Kosa lilikuwa langu. Omba kuzungumza na mkunga wako faragha, umwambie zote, pamoja na hizo mbili.