Kongosho limevimba, au lina uvimbe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri vipeperushi vya afya vinavyogawiwa wagonjwa. Katika kimoja niliandika "kuvimba kwa kongosho". Mhariri akafuta, akaweka "uvimbe wa kongosho", akaniambia ni yale yale. Mtu wa kwanza tuliyempa asome alishtuka, akauliza: "Kwa hiyo huyu ana saratani?" Nani kati yetu amekosea? Halafu mwenzangu mwingine anashikilia kwamba kongosho na bandama ni kitu kimoja. Naomba utuamue.

JIBU: Marahaba. Mhariri ndiye aliyekosea, ingawa namwelewa kwa nini.

Neno "uvimbe" limetoka kwenye kitenzi "vimba", na limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni ile hali ya kutuna: nyuki amekuuma mdomo, kifundo cha mguu kimeteguka, pana uvimbe, na baada ya siku chache umekwisha. Mzigo wa pili ni kitu chenyewe kilichoota mwilini, kinachoweza kushikwa, kupimwa kwa sentimita na kukatwa. Mdomo unauona, kwa hiyo hata neno likiwa na utata macho yanakusaidia. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya uti wa mgongo, wala hakuna aliyewahi kuliona lake. Hapo neno limebaki peke yake, na msomaji mwenye hofu huchagua ile maana inayotisha zaidi. Msomaji wenu hakukosea hata kidogo. Alisoma mlichoandika.

"Kuvimba" hakuna utata huo. Ni tukio, si kitu. Huwezi kusema "kuvimba kwa sentimita tatu kumeondolewa". Kwa hiyo kipimo changu cha haraka ni hiki: jaribu kuuliza kama ni kiungo chenyewe kilichotuna, au ni kitu kilichoota ndani yake. "Kongosho limevimba", kiungo chote kimetuna. "Kongosho lina uvimbe", ndani yake mmeota kitu kingine. Kiswahili kimetupa sentensi mbili kwa magonjwa mawili, nasi tunazichanganya kwa uvivu.

Na magonjwa yenyewe yanatofautiana kweli kweli. Kongosho linapovimba, ugonjwa ambao madaktari huuita pankreatitisi, vimeng'enya ambavyo vilipaswa kwenda kusaga chakula kwenye utumbo mwembamba huamka kabla ya wakati, vikiwa bado ndani ya kongosho. Kiungo kinaanza kujimeng'enya. (Napenda sana jinsi neno letu linavyofanya kazi hapa, ukijua "meng'enya" umeshaelewa nusu ya ugonjwa bila daktari kufungua kinywa.) Sababu kubwa mbili ni vijiwe vya nyongo vinavyoziba njia, na pombe. Maumivu huwa juu ya tumbo na mara nyingi hupenya hadi mgongoni. Ukija ghafla, wengi hupona, japo wachache huzidiwa na hata kufa. Ukirudi mara kwa mara huwa sugu, na kongosho huanza kujaa makovu.

Wako wataalamu wanaouita huo "mchochota wa kongosho". Nalipenda neno hilo kwa sababu halichanganywi na lingine lolote. Lakini kipeperushi si kamusi. Mgonjwa anayekisoma akiwa kitandani pengine hajawahi kukutana na "mchochota" maisha yake yote. Liweke mara moja, ulifafanue, kisha uendelee na "kuvimba".

Sasa upande wa pili. Hata pale ambapo "uvimbe" ndilo neno sahihi, bado halina maana ya saratani, na hapa ndipo wafasiri wanapoumiza watu. Baada ya kongosho kuvimba, majimaji yanaweza kukusanyika pembeni yake na kujitengenezea ukuta. Picha itaonyesha donge kubwa, lakini ni kifuko cha maji tu, na mara nyingi hunywea chenyewe. Vipo vifuko vingine vinavyojaa ute, na baadhi yake huweza kugeuka saratani vikiachwa, kwa hiyo hufuatiliwa miaka na miaka. Upo uvimbe unaotengeneza insulini kupita kiasi hadi sukari ya mwenyewe inashuka na anazirai; takribani tisa kati ya kumi za aina hiyo si saratani. Kisha upo ugonjwa mmoja wa kinga ya mwili unaoishambulia tezi hii mpaka inavimba sehemu moja na kuonekana kwenye picha kama saratani kabisa. Watu wamepasuliwa kwa ajili yake, kumbe dawa za steroidi, zinazotuliza kinga ya mwili, zingeupunguza. Ndiyo maana huchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe, kikapelekwa kwa mwanapatholojia akitazame kwa hadubini. Mpaka yeye aseme, andika "uvimbe" na usiongeze neno. Akishasema, usibaki na "uvimbe": andika "uvimbe usio wa saratani" au "saratani", waziwazi. Kumficha mgonjwa nyuma ya neno la kati hakumsaidii.

Kuna jambo hukuuliza, lakini nimeliona katika vipeperushi vingi: matumizi ya "ya" na "kwenye". Wanapatholojia huuita ugonjwa kwa mahali ulipozaliwa, si mahali ulipokutwa. Saratani iliyoanzia kwenye kongosho ikafika kwenye ini haiwi "saratani ya ini". Ni saratani ya kongosho iliyosambaa hadi kwenye ini, na itatibiwa kama ya kongosho. Kinyume chake pia kipo: saratani ya figo inaweza kuibuka kwenye kongosho miaka mingi baada ya figo kuondolewa. Hiyo ni saratani kwenye kongosho, lakini ni saratani ya figo. Kineno kidogo tu, "ya" dhidi ya "kwenye", nacho kinabeba uchunguzi mzima wa maabara. Usikichezee.

Na hata "saratani ya kongosho" ni jina la nyumba yenye wapangaji zaidi ya mmoja. Mpangaji mkuu, zaidi ya wanane kati ya kila kumi, ni saratani inayoota kwenye mifereji inayopitisha vile vimeng'enya, nayo ni kali sana. Mwingine hutokana na seli zinazotoa homoni, zile alizozieleza mwanasayansi Mjerumani Paul Langerhans mwaka 1869, zikiwa vikundi vidogo vilivyotapakaa kama visiwa. Jina "insulini" lenyewe limetokana na neno la Kilatini la kisiwa. Huyu wa visiwani mara nyingi huenda polepole. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, aligunduliwa kuwa na aina hii mwaka 2003, akafariki 2011. Magazeti yaliandika "saratani ya kongosho" bila kufafanua, na hawakusema uongo, ila msomaji aliyemlinganisha na jamaa yake mwenye ile ya mifereji alipata picha isiyo yake.

Wasomaji huniuliza pia kama "saratani" ni kali kuliko "kansa". La. Moja tumelipata kwa Waarabu, jingine kwa Waingereza waliolitoa kwenye Kilatini, na yote mawili maana yake ni kaa, yule wa baharini. Matabibu wa kale wa Kigiriki waliona mishipa iliyotutumka kuzunguka uvimbe wakaifananisha na miguu yake. Chagua moja ulitumie hadi mwisho wa kipeperushi, maana ukichanganya, yupo atakayedhani ana magonjwa mawili.

Tahadhari moja tena: manjano. Uvimbe ukiwa kwenye kichwa cha kongosho (ndiyo, lina kichwa, shingo, mwili na mkia) hubana mfereji wa nyongo, macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi na choo kikapauka. Andika "macho na ngozi kuwa manjano". Ukithubutu kuandika "homa ya manjano" umempeleka msomaji kwenye ugonjwa mwingine kabisa, ule wa virusi unaoenezwa na mbu. Uvimbe ukiwa mkiani, mbali na mfereji huo, manjano huenda yasionekane, na hiyo ni sababu moja ya ugonjwa kugundulika umechelewa.

Mwenzako wa bandama amekosea, lakini hakukosea mbali. Bandama, au wengu, ni kiungo kingine, kipo kushoto chini ya mbavu, kazi yake ni damu na kinga. Mkia wa kongosho unakaribia kukigusa, na daktari akikata mkia huo mara nyingi hulazimika kukitoa pia. Majirani tu. Usilitumie "bandama" kwa kongosho hata kama bibi yako alilitumia.

Kuhusu upatanisho, nasikia "kongosho limevimba" na "kongosho imevimba". Mimi naandika "limevimba". Mhariri wako akipenda "imevimba", mwachie hiyo, kisha umdai ile "kuvimba" yako irudi.