Matundu usoni: kabla hujalipia leza, jua tundu lako ni la aina gani

Tundu la ngozi halina mlango. Hakuna msuli unaolizunguka, kwa hiyo mvuke hauwezi kulifungua wala barafu haiwezi kulifunga, na tangazo lolote linaloahidi "kufunga vinyweleo" linauza kisichowezekana. Mvuke hulainisha mafuta yaliyoganda ndani yakatoka kirahisi. Barafu hubana mishipa ya damu na kupunguza uvimbe kwa muda mfupi. Basi. Kinachowezekana ni kulifanya tundu lisionekane sana, na njia ya kufika huko inategemea kwa nini limeanza kuonekana.

Sababu kubwa ni tatu. Kuna mafuta: tezi ikizalisha kwa wingi, mfereji wake hutanuka. Kuna kizibo: seli zilizokufa zikichanganyika na mafuta hujaza mdomo wa tundu na kuupanua. Na kuna kulegea: kolajeni, protini inayoikaza ngozi na kushika kuta za tundu, hupungua kwa umri na kwa jua, tundu likapoteza umbo la duara na kuvutika kama tone la maji. Urithi unapanga mengine, na huo hauna dawa.

Simama karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukipita ubavuni mwa uso, ushike kioo. Vitundu vya duara puani na kwenye paji la uso, na kufika saa nne asubuhi uso umeshang'aa: hayo ni mafuta. Vitundu vya mashavuni vilivyorefuka, ambavyo hupungua ukivuta ngozi taratibu kuelekea sikioni: hapo ngozi imelegea. Vishimo vyembamba vyenye kina, kama vilivyochomwa kwa sindano, visivyobadilika hata ukivuta: hayo si matundu, ni makovu ya chunusi, na tiba yake ni nyingine kabisa. Watu wengi hununua seramu ya matundu kwa ajili ya makovu, kisha wanailaumu seramu.

Nukta za kijivu puani zina kesi yao. Ukikamua hutoka uzi laini wa rangi ya maziwa. Si uchafu na si ugonjwa. Ni mafuta na seli zinazosafiri kutoka ndani, na ukiziondoa zote leo, baada ya wiki chache zitakuwa zimejaa tena. Ndiyo maana utepe wa kubandika puani unaleta furaha ya siku chache tu. Na kama nukta ni nyeusi kabisa na hazisogei kwa lolote, huenda ni kifurushi cha vinywele vidogo vilivyonasa kwenye tundu moja. Asidi za kupaka usoni haziyeyushi nywele, kwa hiyo hapo hutumika nta au leza ya kuondoa nywele.

Kazi ya nyumbani

Anza hapa, na uvumilie wiki 12 kabla ya kuvuka mlango wa kliniki yoyote. Osha uso asubuhi na usiku kwa sabuni laini ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya uso. Sabuni ya kipande ya kawaida ina pH (kipimo cha asidi; ikiwa chini, asidi ni kali zaidi) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yenyewe iko karibu na 5. Ukiitumia kila siku uso hukauka na kuwasha, na ngozi iliyokauka huonyesha matundu zaidi.

Kwa mafuta na vizibo, asidi ya salisiliki ya asilimia 2 ndiyo ya kwanza kujaribu, kwa sababu huyeyuka kwenye mafuta na hivyo hupenya ndani ya tundu badala ya kuishia juu. Paka usiku mara tatu kwa wiki. Asubuhi tumia niasinamaidi, aina ya vitamini B3, ya asilimia 4 au 5, ambayo hupunguza mafuta na kufifisha madoa. Chupa za asilimia 10 zinauzwa kwa mbwembwe nyingi, lakini kwa wengi kinachoongezeka ni kuwasha.

Kwa aina zote, hasa ngozi iliyolegea, mzigo mkubwa hubebwa na retinoidi, dawa za jamii ya vitamini A: adapalini ya asilimia 0.1, au tretinoini ya asilimia 0.025 kwa cheti cha daktari. Kipimo cha uso mzima ni punje moja ya njegere. Uso uwe umekauka kabisa; subiri dakika 20 baada ya kuosha. Weka nukta moja kwenye paji la uso, moja kila shavu, moja kidevuni, halafu sambaza, ukikwepa kope, pembe za pua na pembe za mdomo, maana hapo ndipo hubabuka kwanza. Wiki mbili za mwanzo, usiku mbili kwa wiki. Kisha usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Usiku wa retinoidi usipake salisiliki. Ukiona uso unawaka, paka losheni kwanza, kisha dawa, kisha losheni tena. Ukibabuka, pumzika siku nne. Chunusi zinaweza kuongezeka wiki za mwanzo, na wengi huacha hapo hapo, kabla ya matokeo. Mjamzito, au anayejiandaa kubeba mimba, asiguse retinoidi. Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20 ni mbadala salama wa kumuuliza daktari.

Halafu jua. Krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, mistari miwili iliyojaa juu ya vidole viwili, kwa uso na shingo, kila asubuhi, na tena kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Ngozi nyeusi haiungui haraka, lakini jua huivunja kolajeni na hukoleza madoa. Krimu yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma, hukinga pia mwanga wa kawaida unaokoleza madoa hayo, na haikuachi na uso wa majivu.

Vinavyoharibu: ndimu, ambayo ni asidi kali na ikikutana na jua huacha mabaka, magadi na baking soda, ambavyo vinapeleka pH upande wa pili, skrabu ya sukari, mafuta ya nazi usoni kwa mwenye uso wa mafuta, kwani huziba. Singo ya bi harusi iendelee na raha zake mwilini. Kuisugua usoni kwenye ngozi yenye chunusi ni kuzichokoza.

Mkorogo kwanza uondoke

Hili linahitaji nafasi yake. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa bila cheti zina steroidi kali, yaani dawa za kuzima uvimbe, kama klobetasoli. Uso unang'aa wiki za mwanzo, matundu yanaonekana kama yamepotea, kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mishipa inaonekana, na chunusi ndogondogo zinatoka kwa pamoja. Asidi ya kliniki au leza juu ya ngozi hiyo ni kuchoma. Mwambie mtoa huduma ukweli, hata kama unaona aibu. Wala usiache steroidi ghafla baada ya miezi mingi, maana uso hulipuka. Daktari wa ngozi atakupunguzia hatua kwa hatua. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha tangu 1992, na wahitimu wake wako katika hospitali nyingi za ukanda huu, hivyo mtaalamu anaweza kuwa karibu kuliko unavyodhani.

Unapofika kliniki

Kama tatizo ni mafuta na vizibo, omba asidi ya salisiliki ya asilimia 20, baadaye 30. Kwa ngozi nyeusi ni miongoni mwa zilizo salama zaidi. Jinsi inavyofanyika: uso husafishwa kwa spiriti hadi mafuta yaishe, vaselini hupakwa pembe za macho, pua na midomo, kisha asidi hupitishwa kwa kitambaa. Utasikia mchomo unaopanda kwa dakika mbili tatu na kushuka wenyewe. Uso utakuwa na unga mweupe. Usishtuke, ni chembe za asidi zilizobaki baada ya spiriti kukauka, ngozi haijaungua. Huoshwa kwa maji. Hurudiwa mara 3 hadi 6, kila wiki 2 hadi 4. Acha retinoidi wiki moja kabla. Mwenye mzio wa aspirini asifanye.

Asidi ya glaikoliki ni mnyama tofauti. Haijizimi, isipozimwa kwa dawa yake au kuoshwa kwa wakati inaendelea kula ngozi. Ukiona mtu anakupaka glaikoliki bila saa mkononi, kisha anatoka kupokea simu, inuka ukaoshe uso.

Kama ngozi imelegea, kinachofaa ni kudungwa vijisindano. Krimu ya ganzi hukaa dakika 30 hadi 45 na kufutwa yote. Mashavuni kina ni milimita 1 hadi 1.5, kwenye paji na pua, penye mfupa karibu, 0.5 inatosha. Kichwa cha sindano kifunguliwe mbele ya macho yako kutoka kwenye pakiti yake. Kwa siku 5 hadi 7 baada ya hapo, losheni isiyo na manukato tu: vitamini C, asidi na retinoidi vikae kabatini, kwa sababu vikipita kwenye vitundu vilivyo wazi ngozi inaweza kufanya vinundu. Vipindi 3 au 4, kila wiki 4 hadi 6, na hukumu yake ni miezi mitatu baada ya cha mwisho. Rola ya nyumbani si mbadala. Sindano zake hupinda na kubeba vijidudu. Wenye historia ya makovu yanayovimba wakae mbali.

Kwa leza, uliza swali moja: urefu wa mawimbi ni nanomita ngapi? Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064 hupita melanini, rangi ya ngozi, kwa urahisi zaidi, hivyo ndiyo inayofaa ngozi nyeusi. Mashine za mwanga mkali zinazoitwa IPL, hapana. Leza ya CO2 ya nanomita 10,600 inaweza kufanya kazi, ila hatari ya kuacha madoa ni kubwa, na doa la leza linaweza kukaa muda mrefu kuliko tundu lilivyokusumbua. Dai jaribio dogo kando ya taya, usubiri wiki nne ndipo ukubali uso mzima. Leza yenye kupakwa kaboni hung'arisha vizuri kwa harusi ya Jumamosi. Usitegemee zaidi ya hapo. Mashine za kunyonya uchafu kwa maji ziko kundi hilo hilo.

Mwanamke ambaye uso wa mafuta unaambatana na hedhi isiyo na mpangilio na nywele kidevuni apimwe homoni kwanza. Hapo kliniki ya urembo itakamua pesa na tezi zitaendelea kujaza.

Na kabla ya yote piga picha: dirisha lile lile, saa ile ile, uso mkavu usio na poda, simu umbali wa mkono. Piga tena wiki ya 12. Kioo cha kukuza cha bafuni kiweke chini. Hakuna anayekuangalia kutoka sentimita tano.