Paipu iliyokunjwa inaweza kupasukia wapi?
Mkuu, umeuliza kama paipu ya chuma ikishakunjwa itapasukia mgongoni mwa kona tu, yaani upande wa nje wa kona, hapana aisee. Mgongoni chuma kimevutwa kikawa chembamba, tumboni, yaani upande wa ndani wa kona, kimesukumwa kikanenepa na pengine kikajikunyata, ila ukiachia mashine paipu inajirudi kidogo na hapo mambo yanageuka, ngozi ya mgongoni inabaki imebanwa na ya tumboni ndo inabaki inavutwa, kwa hiyo mzigo unaotaka kuifungua kona unaweza kuanzisha ufa kule tumboni, hasa penye makunyanzi. Cheki na mbavuni, yaani pembeni kati ya mgongo na tumbo, kama duara limekuwa bapa. Mshono wa paipu uweke ubavuni wakati wa kukunja, na weldingi isogeze mbali na pale kona inapoanzia, hapo mimi sipaamini kabisa.