Sehemu umeigeuza, je, alama umebadilisha?

Nina daftari la zamani lenye ukurasa mmoja uliojaa wino mwekundu. Ni maswali matano ya mteremko wa mistari, yaani mstari unapanda au kushuka kiasi gani ukienda kulia, na yote matano nimekosa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku ile nilitoka kwenye jaribio nikitabasamu. Kanuni nilikuwa nazo kichwani: mistari sambamba ina mteremko mmoja, na mistari inayokatana kwa pembe mraba, ukizidisha miteremko yake unapata −1. Ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia zote mbili bila kusita. Sasa nilikosaje?

Nililipitia daftari lile mstari kwa mstari, nikakuta kanuni hazina kosa. Maswali mawili niliyaharibu kabla hata sijazifikia, na matatu nilifanya nusu ya kazi nikajiona nimemaliza. Tangu hapo nimekaa na wanafunzi wengi wanaojiandaa na SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vya Marekani, na mitihani mingine ya kuchagua jibu, na makosa yao ni yaleyale yangu.

La kwanza ni kusoma mteremko mahali usipokaa. Nilipewa mstari 3x + 4y = 12, nikaona 3 imekaa mbele ya x, nikaandika mteremko ni 3. Lakini namba iliyo mbele ya x huwa mteremko pale tu y inapokuwa imebaki peke yake upande wake, yaani y = mx + c. Hapa y bado ina 4 na bado ina jirani. Hamisha 3x, gawanya kwa 4, unapata y = −¾x + 3. Mteremko ni −3/4. Mitihani hupenda sana kukuletea mlinganyo ukiwa haujapangwa, na si kwa bahati mbaya. Ukishafanya hivyo mara nyingi utagundua kwamba kwa Ax + By = C mteremko huwa −A/B, lakini nakushauri uigundue mwenyewe kwa kalamu kwanza. Njia ya mkato uliyopewa tu huikumbuki siku mkono unapotetemeka.

Kosa la pili ndilo lililokula maswali matatu, na ndilo kichwa cha makala hii. Tuseme mstari una mteremko 2/3 na unaulizwa mteremko wa mstari unaoukata kwa pembe mraba. Mara nyingi majibu ya kuchagua yatakuwa haya: 2/3, −2/3, 3/2, −3/2. Yaangalie vizuri. Sahihi ni −3/2: sehemu imegeuzwa, ya chini ikawa juu na ya juu ikawa chini, na alama nayo imebadilika. Anayechagua 2/3 amesoma "sambamba". Anayechagua −2/3 amebadilisha alama akasahau kugeuza sehemu, na wa 3/2 amegeuza sehemu akasahau alama. Kila mtego umetengenezwa kwa mtu maalumu, na mimi nilikuwa huyo wa 3/2. Ubaya wa kosa hili ni kwamba jibu lako unalikuta pale kwenye orodha linakusubiri, nawe unasonga mbele kwa amani.

Dawa iliyonisaidia si kukariri kwa nguvu zaidi. Chukua karatasi ya miraba, weka nukta kwenye (0, 0), kisha nenda miraba mitatu kulia na miwili juu, uweke nukta nyingine kwenye (3, 2). Unganisha. Mteremko wake ni kupanda 2 kwa kwenda 3. Sasa izungushe karatasi robo mzunguko kuelekea kushoto, kinyume na mishale ya saa, huku ukiutazama ule mstari. Ile miraba mitatu iliyokuwa inakwenda kulia sasa inapanda juu. Ile miwili iliyokuwa inapanda sasa inakwenda kushoto. Nukta iliyokuwa (3, 2) imeangukia (−2, 3), na mteremko umekuwa 3 kwa −2, yaani −3/2. Kwenda kumekuwa kupanda, ndiyo maana sehemu inageuka. Kupanda kumekuwa kwenda kushoto, ndiyo maana alama inabadilika. Yote mawili yanatokea kwa mzunguko mmoja, huwezi kupata moja ukaliacha jingine. Baada ya kufanya hivi mara moja, mimi sikuikosa tena kanuni hii.

Ukipata jibu, zidisha. 2/3 × −3/2 ni −1, umepita. Ikitoka 1, umesahau alama. Ni kazi ya sekunde tatu. Na ukipewa mteremko kama namba nzima, 4 kwa mfano, iandike 4/1 kabla ya kugeuza. Ukipewa desimali, 0.4, iandike 2/5. Nimeshawaona watu wakihangaika kugeuza 0.4 kichwani wakati −5/2 iko mezani.

Kuna swali moja linalovaa nguo nyingine kabisa na watu hawalitambui. Linasema: milinganyo 3x − 2y = 8 na kx + 6y = 5 haina jibu la pamoja; tafuta k. Neno mteremko halimo, neno sambamba halimo. Lakini mistari miwili isiyo na jibu la pamoja ni mistari isiyokutana, na mistari isiyokutana ni sambamba. Mteremko wa kwanza ni 3/2, wa pili ni −k/6. Vilinganishe: k = −9. Swali lilelile likisema mistari hiyo inakatana kwa pembe mraba, basi −k/6 lazima iwe −2/3, na k inakuwa 4. Angalia pia wakikuambia majibu hayana idadi. Hapo mistari imelaliana, ni mstari mmoja ulioandikwa mara mbili, kama 2x − 5y = 7 na 4x − 10y = 14. Mteremko sawa peke yake hautoshi kutofautisha hali hizi mbili, lazima utazame na namba ya upande wa pili.

Kutafuta mteremko kutoka kwenye nukta mbili sitakaa napo sana, ila ile karatasi ya kanuni inayotolewa ndani ya SAT haina kanuni ya mteremko (kupanda kugawanya kwa kwenda), kwa hiyo ingia nayo kichwani. Na jihadhari na kutoa namba hasi: kutoka (−2, 5) hadi (4, −3), kwenda ni 4 − (−2), yaani 6, wala si 2. Mteremko ni −8/6, ukirahisisha −4/3.

Mistari ya wima na ya mlalo ni kesi ya peke yake. x = 4 na y = −2 inakatana kwa pembe mraba, lakini usijaribu kuzidisha miteremko, maana mstari wa wima hauna mteremko kabisa. Ungetaka kuutafuta ungejikuta unagawanya kwa sifuri. Hapa chora tu.

Na nikishasema kuchora: usiliamini jicho lako kwenye grafu. Niliwahi kulitupa jibu sahihi kwa sababu kwenye skrini ya kikokotoo mistari ilionekana imeinama vibaya, haifanani na pembe mraba hata kidogo. Kumbe mhimili wa x ulikuwa umebanwa na wa y umevutwa, mraba mmoja hapa haulingani na mraba mmoja pale. Siku hizi kabla sijasema lolote kuhusu mchoro nasoma kwanza namba zilizoandikwa kwenye mihimili yote miwili, kisha nazidisha miteremko.